Sebule Isiyo na Nguzo

Baba alitaka sebule. Nyumba yenyewe, ile ghorofa ambayo wapita njia wa upande wetu wa Navakholo walikuwa wakisimamisha baiskeli kuitazama, aliikubali kama mtu anavyokubali gunia kwa sababu ya mahindi yaliyomo. Vyumba vya juu vilikuwa vya msanifu. Ngazi ilikuwa ya mhandisi. Sebule ilikuwa yake.

Ilikuwa miaka ile miwa ilipokuwa na maana. Matrekta ya kiwanda yalipita mchana kutwa yakiangusha miwa kwenye barabara ya murram, na watoto wakaiokota bila kufukuzwa, kwa kuwa ilikuwa mingi kuliko watu wa kuilinda. Kila mkulima aliyelipwa mavuno alijenga kitu. Mmoja aliezeka mabati, mwingine akaweka tangi la maji, na jirani yetu akajenga choo chenye veranda, ingawa hatukuwahi kumwona mtu amekaa pale kupunga upepo. Baba alisubiri. Kisha akatangaza kwamba atajenga ghorofa, na kwamba hatajengewa kwa kukisia. Atatafuta wataalamu.

Mimi nilikuwa nyumbani. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa, kama ilivyokuwa desturi yake, na wanafunzi tulikuwa tumerudishwa kwa wazazi wetu ili tupoe. Nilikuwa nasomea fasihi. Ningeweza kukueleza kwa kurasa nyingi kwa nini mhusika alifungua dirisha, lakini sikujua ukuta ulio juu ya dirisha hushikiliwa na nini. Kwa baba hilo lilikuwa jambo dogo.

"Mama," aliniambia, maana nimerithi jina la mama yake, "wewe si uko yunivasiti? Utaelewana na hawa watu. Mimi wananiongeleshanga kama wanasoma habari kwa redio."

Hivyo nikawa mjumbe kati ya msanifu na mhandisi. Ofisi zao zilikuwa mjini Kakamega, kwenye barabara moja, zikitazamana. Msanifu alikuwa juu ya duka la dawa. Alivaa suruali za kodrai na alikuwa na meza iliyoinamia upande mmoja, ambayo kikombe hakingeweza kutulia juu yake. Mhandisi alikuwa juu ya duka la misumari na mabati. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyefanya kazi kiwandani na kupigia watu binafsi hesabu jioni. Madirisha yao yalitazamana hivi kwamba mmoja alipokunywa chai mwenzake alijua. Lakini hawakuzungumza. Nilivuka barabara na michoro kwapani, nikapanda ngazi, nikapewa michoro mingine, nikashuka, nikavuka tena. Mwanzoni nilidhani wamegombana. La, walikuwa tu wanafanya kazi jinsi walivyofundishwa: msanifu anachora anachotaka kionekane, mhandisi anapokea nakala na kuchora kitakachoizuia nyumba isianguke, na kila mmoja anatunza upande wake wa karatasi.

Siku ya kwanza nilikuwepo baba alipomwona msanifu.

"Nataka sebule kubwa," baba alisema. "Watu wakae pande zote."

"Wangapi, mzee?"

"Wengi."

"Pande zote za nini?"

Baba aliangalia dirishani kidogo. "Za katikati."

Msanifu alifurahi sana. Nadhani alikuwa amechoka na wakulima waliotaka vyumba vidogo vingi vya kupangisha. Alizungumza juu ya nafasi huru na mwanga, na wiki iliyofuata akatuletea picha ya sebule iliyojaa watu wadogo wa wino, wameshika glasi, mwanamke mmoja akiwa amevaa kofia pana na kuinama upande bila kuegemea chochote.

Baba aliwatazama kwa muda. "Hawa ni akina nani?"

"Ni mfano tu, mzee."

"Wamekuja mapema," baba alisema, akamrudishia picha.

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa kawaida wa mtu ambaye hajawahi kuona karamu ya kusimama.

Mhandisi naye alinikalisha kitini, akatandaza nakala yake. "Juu ya sebule kuna nini?"

"Vyumba vya kulala."

"Na huu ukuta unaopita katikati?"

"Ni ukuta."

"Ni wa mawe."

"Nadhani."

"Dada," alisema kwa upole, "ukuta wa mawe haubebwi na kudhani."

Akachora mraba mdogo katikati ya sebule na kuupaka penseli nyeusi. Mimi, msomi wa fasihi, niliuona. Nilidhani ni meza.

Kuta za chini zilipanda. Baba alikuwa ameanza kwenda hospitali ya mkoa kwa ugonjwa wa tumbo ambao daktari aliueleza huku akiangalia viatu vyake. Siku moja tulishuka njiani pamoja akitoka kupimwa, akataka kupitia kwenye nyumba. Katikati ya sebule palikuwa pamesimama vyuma vinne vilivyofungwa kwa waya, virefu kuliko mtu, vikisubiri kumwagiwa zege.

Baba alivizunguka. "Mama, hii ni nini imesimama kwa nyumba yangu?"

"Itakuwa nguzo."

"Nani aliiita?"

Nilitoa michoro yote miwili nikaitandaza juu ya rundo la mawe. Kwenye mchoro wa msanifu, katikati ya sebule, palikuwa na maandishi madogo safi: kuhusu kinachobeba ukuta wa juu, angalia mchoro wa mhandisi. Kwenye mchoro wa mhandisi, kando ya ule mraba mweusi, palikuwa na maandishi madogo zaidi: kuhusu matumizi ya chumba, angalia mchoro wa msanifu.

"Kwa hivyo huyu anasema uliza yule," baba alisema, "na yule anasema uliza huyu."

"Ndiyo."

"Na wewe unasema nini?"

Nilianza kuikunja michoro. Baba alikaa juu ya jiwe, akaviangalia vile vyuma kama mtu anayemwona mgeni amekalia kiti chake.

"Sasa mtaniweka wapi?" aliuliza.

Kwa watu wetu, mwenye boma akifa hurudishwa nyumbani kwake, akaingizwa kwa mlango wa mbele, akalala ndani ya nyumba yake kabla ya kuzikwa. Hakuna anayelieleza jambo hili, sawa na vile hakuna anayeeleza kwamba obusuma, ugali wetu, huliwa kwa mkono. Babu yangu alikuwa na nyumba ya msonge yenye mlango mwembamba. Jeneza lake, baba aliniambia pale juu ya mawe, ilibidi liinuliwe upande na kusukumwa kama kabati, na ndani likakaa limebanana na mtungi, watu wakichungulia kwa zamu. Baba alikuwa kijana wakati huo. Alikuwa mmoja wa waliosukuma. Nyumba yetu ya udongo, tuliyozaliwamo sote, haikuwa pana sana kuliko ile.

Ndiyo sababu alitaka sebule, jeneza likae katikati na watu pande zote. Lakini hakuna mtu anayemwambia msanifu jambo kama hilo, kwa maana kujenga nyumba huku ukitangaza kifo chako ni kama kukiita kwa jina.

"Usiwaambie," alisema. "Waambie tu hiyo kitu itoke."

Nikawaambia hiyo kitu itoke. Ndipo barua zilipoanza. Msanifu aliandika kwamba yeye pia nguzo ile imemhuzunisha, na kwamba hakuitarajia kutoka kwa mtaalamu. Mhandisi akajibu kwamba inaweza kuondolewa ikiwa msanifu atakubali mhimili mnene wa zege upite chini ya dari. Msanifu akajibu kwamba mhimili wa unene huo utaning'inia kama tumbo la nyati. Mhandisi akaomba basi ule ukuta wa juu usogezwe. Msanifu akauliza, kwa mara nyingine tena na kwa heshima zote, kama mhandisi anafahamu kwamba ukuta ukisogezwa chumba kimoja hakitaingia kitanda. Nilivuka barabara, nikapanda, nikashuka. Wakati mwingine mmoja alisoma barua ya mwenzake huku mwenzake akimwangalia kupitia dirishani akiisoma.

Miaka mingi baadaye nimekuwa nikiishi kwa kuandika makala, na nimewaona wahariri na wachapishaji wakifanya vivyo hivyo, kila mmoja akiandika pembeni kwamba jambo hili mwenzake ataliangalia. Huwa sikasiriki. Najiona tu niko tena barabarani Kakamega, na karatasi kwapani, nikingojea lori la miwa lipite.

Baba alikuwa anakonda. Mshipi wake ulitobolewa matundu mapya. Kila nikirudi aliuliza jambo moja tu: "Imetoka?" Na nilikuwa na majibu marefu sana ya kusema bado.

Siku moja nilimkuta akiwa amelala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, mikono imekaa kifuani. Nilirudi mjini hata kabla ya kula. Nilipanda kwa mhandisi kwanza, kwa sababu ngazi zake zilikuwa fupi, nikamwambia sebule ile ni ya nini.

Aliweka kalamu chini. Alienda dirishani, akalifungua, akapaza sauti kuvuka barabara: "Bwana! Shuka chini."

Dirisha la pili lilifunguka. "Mimi?"

"Shuka tu, ndugu yangu."

Walikutana katikati ya barabara, baiskeli zikiwapita kulia na kushoto zikipiga kengele. Mhandisi alisema maneno machache ambayo sikuyasikia. Msanifu alinitazama, halafu akatazama viatu vyake, sawa kabisa na daktari.

"Sebule uliiandika laonji," mhandisi alimwambia tulipokuwa ndani ya pikapu yake. "Watu kwa laonji wanakunywanga soda. Nguzo haiwasumbui. Mwingine anaiegemea."

"Ungeuliza."

"Nani? Wewe? Barua zako zote zinaanza na 'kwa mara nyingine tena'."

"Na zako zinaisha na hesabu."

Baba aliletewa kiti ndani ya sebule, akiwa amevaa koti ingawa kulikuwa na joto la kabla ya mvua. Wataalamu wawili walisimama mbele yake kama watoto waliotumwa dukani wakasahau walichotumwa. Nilijua hawawezi kumuuliza, na yeye hawezi kujibu.

Msanifu ndiye aliyepata njia. "Mzee," alisema, "tuseme kuna meza ndefu. Ingekaa wapi?"

Baba alimtazama kwa makini. Kisha akanyoosha fimbo. "Hapa."

"Inaingilia wapi?"

"Mlango wa mbele."

"Na kutoka?"

"Huo huo."

"Wanaoibeba wako wangapi kila upande?"

"Watatu."

Mhandisi alikuwa ameinama akichora kwa chaki sakafuni. "Na kichwa cha meza, mzee?"

"Huko," baba alisema, akionyesha upande wa shamba la miwa. "Na mama yao anakaa hapa karibu. Hawa wengine, kuta ni zao."

Halafu wale wawili wakaanza kazi, na ilinishangaza jinsi ilivyokuwa fupi. Waligeuza mfuko mtupu wa saruji wakachora juu yake kwa penseli moja, wakinyang'anyana. Msanifu alisogeza ukuta wa juu na kuacha chumba kimoja kisiingie kitanda. "Kitakuwa stoo," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba hilo lilimuuma. Mhandisi aliongeza vyuma mpaka akatikisa kichwa mwenyewe, akaugawa ule mhimili mnene kuwa miwili myembamba. Msanifu akakubali ionekane. Kabla mvua haijafika, vile vyuma vinne vilikuwa vimekatwa kwa msumeno.

Zege la sakafu ya juu lilimwagwa na majirani waliosimama mstari mmoja wakipitisha karai. Baba aliangalia kutoka kitini. Jioni, watu walipokuwa wakila, aliingia kuangalia sebule yake, nikamfuata. Ilikuwa imejaa miti. Mikaratusi iliyokatwa sawasawa ilisimama safu baada ya safu, kutoka sakafuni hadi kwenye mbao, ikishikilia zege bichi. Hata mtu mwembamba kama yeye ilibidi apite kwa ubavu.

"Hii yote itatoka lini?" alimuuliza mhandisi.

"Baada ya mwezi, mzee."

"Mwezi ni mrefu, mhandisi."

"Najua, mzee. Lakini zege halina haraka."

Baba aliushika mti mmoja, akaupima kwa kiganja kama anayenunua. "Hata mimi sina," alisema. Hakuna aliyeamini, hata yeye.

Alifariki hospitalini, miti ikiwa bado imesimama.

Mhandisi alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika matangani, na hakuja kulia. Alikuja kulinda miti. Alimkuta baba mdogo, ndugu wa baba anayemfuata, akiwa mlangoni na vijana wenye mapanga na nyundo.

"Toa hii kitu," baba mdogo alisema. "Ndugu yangu anakuja kesho."

"Pole sana, mzee. Miti haitoki."

"Nyumba ni yako?"

"Hapana. Lakini ikianguka itakuwa yangu."

"Aliijenga kwa sababu ya kesho! Unajua hivyo?"

"Najua kuliko wengi. Nikiitoa leo, kesho hamtazika mtu mmoja."

Kukawa na kelele. Mtu mmoja alisema mwili ukae nje chini ya turubai kama mkutano wa chama cha miwa. Mwingine alisema urudi kwenye nyumba ya udongo, na mama yangu akasema, "Huko mlango ni ule ule wa kusukuma." Ndipo msanifu alipofika, na futi ya kupimia mfukoni. Alikuwa amepitia kwa seremala mjini. Alikuwa amepima jeneza, na juu ya upana wake, aliniambia baadaye, aliongeza unene wa vidole vya wabebaji.

Waliingia wawili kati ya ile miti. Sisi tulisimama mlangoni tukiwasikia.

"Safu hii ikitoka?"

"Hapana."

"Hii?"

"Hiyo nusu. Ukiniwekea boriti nene juu, kutoka hapa hadi pale, na miti miwili miwili kila upande."

"Itawagonga kichwa wabebaji."

"Wainame."

"Watu hawainami wakibeba jeneza."

"Hawa watainama."

Walifanya hivyo hadi jioni, mmoja akishikilia, mwingine akigonga kabari, wakinyamaza kila mti mmoja ulipoondolewa ili wasikilize juu. Hawakuandikiana chochote. Walipotoka, kulikuwa na njia nyembamba kutoka mlango wa mbele hadi katikati ya sebule, na pale katikati uwazi wa kutosha kulaza mtu. Pande zote nyingine, miti.

Mwili ulifika kesho yake alasiri. Wabebaji walikuwa wanne, si sita, na waliinama. Mhandisi alisimama mlangoni akihesabu wanaoingia kama mzee wa kanisa anayegawa viti, akaruhusu mama, baba mdogo na mimi. Waliobaki walizunguka nje kwenye madirisha, ambayo msanifu alikuwa ameyachora mapana na ambayo bado hayakuwa na vioo. Kwa muda kulikuwa na nyuso kila upande. Halafu mvua ya Kakamega ikaja kwa saa yake, na watu wakakimbilia turubai. Kwaya iliendelea kuimba huko, lakini ngoma za mvua juu ya turubai ziliimeza. Madirisha yakabaki na mvua tu.

Mama alikaa kwenye mkeka, bega lake likigusa mti. Alizitazama safu zile za mikaratusi zikiishia gizani.

"Ni kama tumemlaza Isecheno," alisema. "Msituni."

Baba mdogo alinong'ona kwamba wazee wanauliza kama hii inahesabika, maana nyumba haijaisha na marehemu hakuwahi kulala humu.

"Ameingia kwa mlango wake," mama alisema. "Hayo mengine mtaongea mkishakula."

Tulimzika asubuhi. Alitoka kwa mlango ule ule.

Mwezi ulipoisha, wataalamu walirudi kutoa miti. Hakuna aliyewaita. Waliitoa kuanzia katikati kwenda kwenye kuta, msanifu akipokea kila mti na kuulaza nje juu ya nyasi. Mti wa mwisho ulipotoka, mhandisi aliinua mkono tunyamaze, tukasikiliza sote. Dari lilikaa kimya mahali pake. Mihimili ilipita juu myembamba, iliyonyooka, na sebule ilikuwa kubwa kuliko nilivyoikumbuka kwenye karatasi, nyeupe, bila kitu cha kuegemea popote.

Mama alikuja mpaka mlangoni, mikono yake ikiwa na unga. Hakuingia.

"Sasa," aliwauliza, "chumba hiki ni cha nini?"

Msanifu alimtazama mhandisi. Mhandisi alimtazama msanifu.